Mgeni Rasmi wa Dirisha Jeusi

Saa tano asubuhi nilimkuta Mzee Melkizedek, mkuu wetu wa kumbukumbu, kwenye picha ya mia mbili na kumi na mbili. Zilikuwa elfu moja mia tisa, zote za mashamba ya Kidete yaliyosombwa na mto Mkondoa. Majina ya faili yalianza na IMG. Ofisi ya mkoa, Morogoro, ilitaka yaanze na KID, la sivyo mbegu za msaada zingepelekwa wilaya nyingine. Gari la kupeleka diski yenye picha hizo lingeondoka saa sita. Siku ya tatu hiyo mzee alikuwa akibadilisha jina moja moja, kwa kidole kimoja.

Kwenye benchi alikaa Mama Mwamvua. Shamba lake lilikuwa ndani ya picha hizo.

"Shikamoo, mzee. Mstari mmoja tu unazibadilisha zote."

"Marahaba. Mstari gani?"

Nilifungua dirisha jeusi la amri, nikaandika: ren IMG*.jpg KID*.jpg

"Acha! Hilo dirisha ni la wezi wa mtandao. Yudith, digrii unayo, lakini wewe ni wa kujitolea tu, ofisi huna. Andika barua, kamati itakaa Alhamisi."

"Na mimi nipande nini, kamati?" aliuliza Mama Mwamvua.

Nikakumbuka kwamba kwetu hata choo cha shule hakitumiki kabla ya mgeni rasmi kukizindua.

"Mzee," nikasema, "jambo zito kama hili haliwezi kufanywa na mtu wa kujitolea. Tunakuomba uwe mgeni rasmi."

Akafunga vifungo vya koti. Akauliza kitambaa cha meza kiko wapi. Mama Mwamvua akavua kanga yake ya juu, tukaitandika chini ya kibodi. Hotuba ilianza na kompyuta ya kwanza ya ofisi, aliyoipokea yeye mwenyewe. Saa sita kasoro dakika nne, ndani ya hotuba kompyuta hiyo ilikuwa bado haijatolewa kwenye boksi.

"Baba, bonyeza!" alifoka Mama Mwamvua. "Mto ulipokuja haukuhutubia!"

Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, picha zote zikawa KID. Nilikimbia na diski hadi kwenye gari.

Niliporudi, mzee alikuwa ameuchapa ule mstari kwenye karatasi, ameugongea mhuri wa SIRI na kuufungia kabatini. Sasa alikuwa kwenye picha za mashamba ya Munisagara. Ya saba, kwa kidole kimoja.

"Mzee, na ule mstari?"

"Ulishazinduliwa, binti. Kitu hakizinduliwi mara mbili."

Nikafikiri kidogo.

"Hii ni awamu ya pili, mzee."

Akaanza kutafuta koti.