Adhuhuri Sikioni mwa Keith

Keith Trembath alikaa kwenye kitanda cha kliniki ya mji mdogo wa Wirrabeen bila shati, amebaki na kaptura na soksi, akimalizia biskuti aliyoingia nayo mfukoni. Binti yake Janelle alisimama pembeni akimshikia kofia. Kilichomleta Janelle ni sikio la kushoto, ambalo baba yake alikuwa akilificha chini ya kofia hiyo tangu kabla ya mavuno ya miwa.

Dokta Lorna Quill aliyapitia madoa ya ngozi ya Keith kwa lenzi yenye taa, taratibu, kama anachagua mchele. Lile la kahawia la mgongoni, lililokaa kama tone la nta, alisema ni la umri tu, liachwe. Kisha akafumba macho na kupitisha kidole kwenye kipara. Madoa ya jua, alieleza, kidole huyajua kabla ya jicho: yanakwaruza kama msasa. Si saratani. Ila mojawapo huweza kugeuka, na hakuna ajuaye ni lipi.

Akachukua chupa ya nitrojeni, ile hewa iliyopozwa hadi ikawa maji, akapuliza doa la kwanza ili aligandishe. Likawa jeupe kama barafu, kisha likatoa adhuhuri.

Ilikuwa adhuhuri ya Februari, ya zamani. Ilijaa chumba hadi pembe za dari. Ndani yake bwawa la shule lilimetameta, watoto walisubiri zamu kwenye benchi za zege zisizo na paa, na Keith mdogo, mabega yamemwiva, alikuwa akigusa ukuta wa bwawa kabla ya wenzake.

"Mashindano ya shule," alisema Keith. "Hapo nilimwacha Barry Oates kwa urefu wa mkono."

Dokta alivaa miwani ya jua akaendelea. Doa la pili lilitoa Februari iliyofuata, la tatu nyingine tena. Watu waliokuwa wakisubiri nje waliingia na viti vyao. Muuza mikate alifunga duka akaja mbio, unga mikononi. Mama mmoja alimwona marehemu mama yake akigawa vipande vya machungwa, akamsogelea ili amtazame vizuri. Barry Oates naye alifika, akasimama mlangoni hadi aone mwisho wa mbio.

"Kwa ncha ya kucha, mzee," alisema. "Usijikweze."

Janelle alisogea karibu na bwawa. Hakuwahi kumwona baba yake akiwa na nywele. Kisha dokta akafika sikioni, na Janelle akaacha kutazama bwawa.

"Hili umelipaka nini?" aliuliza dokta.

Keith alisema ni utomvu wa gugu la bustanini, ule mweupe kama maziwa. Mama yake aliwapaka mtaa mzima. Doa lilibanduka, likarudi, akalipaka tena.

"Utomvu unachoma juu," alisema dokta. "Chini lenyewe linaendelea na safari."

Lilikuwa limekuwa nene, na lilimuuma likiguswa. Hilo halikuwa la kupuliza. Lilikuwa la kukatwa na kupelekwa maabara. Wakati ganzi ikiingia, Janelle alimshika baba yake mkono.

"Baba, mjukuu wako Tess anaanza kushindana mwaka huu. Nataka uwepo."

"Sasa nani mwingine atamfundisha kugeuka ukutani? Wewe? Wewe unaogelea kama kabati."

Doa la sikioni halikutoa mwanga. Lilitoa joto tu, kama tanuri lililofunguliwa na kufungwa.

Maabara ilijibu kwamba lilikuwa mlangoni mwa saratani, halijaingia, na limeondolewa lote. Janelle alicheza jikoni na mdogo wake Tess kiunoni hadi viazi vikaungua.

Wiki ileile alikwenda kwenye kamati ya wazazi wa shule kuomba bwawa lijengewe paa. Hakuwa na haja ya kueleza mengi, kwani wote walikuwapo kliniki siku ile. Mwenyekiti alikubali kwamba mwanga ule ulikuwa mzuri sana, na kwamba kila mtu aliona jinsi watoto walivyofurahi. Mashindano yalibaki adhuhuri, kwa kuwa soseji za kuchangia shule huiva adhuhuri. Paa lilipangwa kuzungumzwa mwakani, kama ilivyokuwa tangu Keith akisoma pale.

Februari Tess alipakwa krimu ya kuzuia jua mara mbili na kuvalishwa kofia hadi ukingoni mwa bwawa. Zamu yake ilichelewa. Alishinda kwa urefu wa mkono, na babu yake, chini ya kofia pana kama sinia, alipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Jioni Janelle alimwogesha Tess. Bega la mtoto lilikuwa jekundu, na katikati ya wekundu kulikuwa na mwanga mdogo, kama punje ya mtama. Taa ya bafuni ilikuwa imeungua tangu Jumatatu. Alimsuuza nywele, akamkausha masikio, akaona kila kitu vizuri kwa mwanga ule.