Daftari la Presha la Shukrani

Wivu sikufundishwa na mtu. Nilizaliwa nao, kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Kwa hiyo Mwinshehe alipokuja nyumbani kwetu Bangwe kumfunga mke wangu kitambaa cha mashine ya presha mkononi, mimi nilikuwa nahesabu muda.

Mwinshehe ni mhudumu wa afya wa mtaa. Shukrani, mke wangu, ana mimba ya miezi saba, na kliniki walikuta presha imepanda.

"Siku hizi dunia nzima inakwenda huku," Mwinshehe akasema. "Mtu asingoje daktari kwa kila kitu. Ajipime nyumbani, aandike, aujue mwili wake. Ajihudumie."

"Kama hotelini," nikamwambia. "Sasa kama anajihudumia, wewe umefuata nini?"

Shukrani akacheka. Lakini alimcheka nani? Hao wawili wanajuana tangu kambini kwa wakimbizi, Nyarugusu, alikokulia mke wangu baada ya wazazi wake kumvusha ziwa kutoka Kongo. Mwinshehe alikuwa akijitolea huko. Wana utani wao wa foleni ya unga ambao mimi, mtoto wa Ujiji, siujui mlango wala dirisha.

Maelekezo yalikuwa haya: kila jioni akae kimya dakika tano, ndipo apime na kuandika daftarini. Namba ya juu ikizoea kupita mia na arobaini, Sista Melania wa kliniki atamlaza hospitali mpaka ajifungue. Miezi miwili hiyo!

Mimi nanunua dagaa Ilagala. Nalala huko, narudi siku za kuleta mzigo. Jumamosi moja nikalifungua daftari. Mia na kumi na sita, mia na kumi na nane, safi. Halafu tarehe nne: mia arobaini na mbili. Tarehe saba: mia arobaini na tano. Tarehe kumi na moja, tena! Hesabu nilipata B kidato cha nne, nikaona mchezo: siku tatu, siku nne, siku tatu. Huyu ni mtu mwenye ratiba. Na jana yake, tarehe kumi na nne mwezi wa pili, siku ya wapendanao: mia na hamsini.

"Shukrani, nani anakuja?"

"Wapi?"

"Moyoni mwako. Alama zake hizi hapa."

"Moyo wangu una mlango?"

"Wa nyuma."

Hakucheka. Akajifunga kitenge, akachukua daftari. "Twende kwa Sista. Anilaze. Huko angalau nitapumzika."

Nikamfuata mpaka kliniki.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Leodgar, dagaa unaleta siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa. Lakini hilo halihusiani na..."

Sista Melania akashusha kalenda ukutani. Akaweka kidole kwenye nne. Jumanne. Saba. Ijumaa. Kumi na moja.

"Kumi na nne usinioneshe," nikasema.

"Mia na hamsini hii alikufanya nini, mama?"

"Aliniletea mafuta ya kupaka," Shukrani akajibu. "Nikayapaka. Akaniuliza nanukia kwa ajili ya nani."

Akina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja akashika tumbo kana kwamba uchungu umeanza.

"Simlazi leo," Sista akasema. "Bila daftari hili ningemlaza. Lakini Jumanne ikipanda, analala. Yeye amejihudumia, baba. Bado wewe."

Jumanne nilirudi. Jioni Shukrani akakaa, mgongo kwenye kiti, mkono mezani. Dakika tano. Nikakaa mbele yake kama mtu wa picha ya pasipoti. Dakika ya pili, nje:

"Hodi! Dada Shukrani! Mbona unanukia mpaka barabarani?"

Mwinshehe.

Majibu matatu yalinijia, moja zuri mno. Shukrani alikuwa ananitazama. Nikachota dagaa wakavu kwenye ungo, nikajaza mdomo, nikatafuna polepole. Mashine ikavimba, ikapumua.

"Mia na ishirini na moja," akasema, akaandika. "Karibu ndani, Mwinshehe." Kisha akafungua kile kitambaa. "Haya, Leodgar, lete mkono na wewe."

Yangu hatukuiandika. Tulisema kalamu imeisha wino.