Lustracja na Sahani ya Mgeni

Halszka alisaini fomu ya lustracja mwezi Machi, maana sheria ilitaka kila mtangazaji wa umri wake aape kama aliwahi kuwapelekea habari polisi wa siri wa utawala wa zamani wa Kikomunisti au la. Jioni ile alimwuliza baba yake, Mzee Ludwik, mwalimu mstaafu wa Kilatini, neno hilo lilitoka wapi. Mzee akachangamka; ukimgusia Kilatini, humnyamazishi. Akaeleza kwamba neno lilitokana na tambiko la utakaso: Warumi walikuwa wakiwazungusha nguruwe, kondoo na fahali kuuzunguka umati, kisha wakawachinja, na taifa zima likahesabiwa limetakata.

"Na hao wanyama walikosa nini?" Halszka akauliza, akicheka.

Mzee hakucheka. Akasema chai imepoa.

Basi Halszka akaomba faili ambalo polisi hao walimwekea. Alitaka kujua jambo moja tu: nani alimuuza Seweryn, mchumba wake. Mkesha wa Krismasi, enzi za utawala wa kijeshi, Seweryn, aliyekuwa akisakwa na polisi, alitoka mafichoni akabisha hodi kwao Halszka, wakamkalisha penye sahani ambayo usiku huo kila nyumba ya huko humwekea mgeni asiyetarajiwa. Kesho yake akakamatwa. Alitoka gerezani kifua kimeharibika, akafa kabla ya harusi. Halszka hajaolewa hadi leo.

Faili likapatikana Desemba. Ripoti ilikuwa fupi, ya lugha safi: mgeni alikula samaki, akaongeza supu ya bitiruti mara mbili, atalala kwa shangazi yake. Mama yake Halszka alikuwa ameshafariki kabla ya mkesha ule. Mezani walikuwa watatu tu. Halszka aliisoma tena na tena.

Mkesha wa Krismasi ulipofika alikwenda nyumbani kwa baba yake. Sahani ya mgeni ilikuwepo. Miaka ishirini na mitano mzee aliiweka mwenyewe, akaiosha mwenyewe, na Halszka, mjinga wa watu, alikuwa akiwasifia majirani uchaji wa baba yake.

Nyota ya kwanza ilipoonekana, mzee alishika kimkate chake cha Krismasi, chembamba cheupe, akamnyooshea binti yake amegue. Kila mtu humega cha mwenzake; ndivyo wanavyosameheana kabla ya kula.

"Aliongeza supu mara mbili, baba. Mimi nilishasahau. Wewe uliandika."

Mzee hakukana. Alisema polisi walitishia kumfukuzisha Halszka chuoni, wakaapa kwamba kijana hataguswa.

"Nilidhani watamweka siku mbili, mwanangu. Siku mbili tu."

Kilichomchoma Halszka ni kwamba aliyaamini maneno hayo. Warumi walichinja wanyama watatu wakatakata. Yeye sasa alijua kila kitu, na moyoni mwake hamkutakata kitu.

Akachukua kimkate chake mwenyewe, akakivunja. Nusu akaiweka kwenye sahani ya Seweryn, nusu akaila. Kisha akapakua supu, akaanza na baba yake, kwa kuwa ni mzee na alikuwa amefunga tangu asubuhi. Mzee alikula kwa mkono mmoja. Katika ule mwingine, kimkate chake kilibaki kizima.