Bibi Harusi wa Kijani

Odile Ferrandier alianza na vifungo. Alikuwa bado kijana alipokodi chumba cha uani mjini Paris, akaweka tanuri, akawa anamimina kioo cha rangi na kuziuzia vifungo nyumba kubwa za mavazi. Vifungo vilizaa vipuli, vipuli vikazaa mikufu, na alipofika makamo akafungua nyumba yake mwenyewe ya magauni. Tangu hapo magazeti yalimsifu kila msimu kwa maneno yaleyale: vito vya kupendeza, na magauni ya kuvibeba. Odile hakukasirika. Aliona wamesema kweli, akaendelea kutafuta gauni litakalowafanya waandike jambo jingine.

Mwaka huu aliona amelipata. Maonyesho ya mavazi hufungwa na mwanamitindo aliyevishwa kama bibi harusi, na wake angevaa hariri ya kijani.

Bertille, fundi mkuu wa karakana, alikitazama kitambaa bila kukigusa.

"Madamu, nyeupe nitashona. Nyeusi nitashona. Hicho sikishoni, na wasichana hawakishoni."

"Unajua mafundi walianza kukiogopea nini kijani?"

"Kina mkosi."

"Rangi ya zamani ilitiwa sumu ya aseniki. Waliotengeneza maua ya kitambaa ilikuwa ikiwala vidole. Hii haina."

"Najua. Nyanya yake mama alikuwa mmoja wao. Mimi nimekuelewa, Madamu. Mikono ndiyo haijaelewa. Zungumza nayo."

Odile angeweza kupeleka kazi nje. Lakini gauni lililoshonwa nje lisingekuwa lake, na mkono wenye hofu hushona upogo. Huo nao ulikuwa ukweli, naye hakuwa na desturi ya kubishana na ukweli. Akashuka kwenye tanuri lake, ambalo alihama nalo kila alipohama.

Alitengeneza bizimu za kioo, vibanio vya pambo vya kushikia nguo: moja ya bega, moja ya kiuno, moja ya mgongo. Zilikuwa nzito, zikaivuta hariri ikalegea. Akazimimina upya, nyembamba zaidi, akaziongeza idadi ili zigawane uzito. Juma lililofuata alimwita Bertille.

Kitambaa kizima, bila kukatwa umbo, kilizungushwa kwenye sanamu la kushonea, nacho kimeshikwa na bizimu tu. Bertille alilizunguka mara mbili.

"Mshono uko wapi?"

"Hakuna."

"Hata pindo?"

"Matamvua tu."

Bertille akakunja uso. "Basi hapo umeniharibia."

"Si ulikataa kushona?"

"Nilikataa. Sasa unywele wangu niutie wapi?"

Fundi ambaye hajaolewa huficha unywele wake katika pindo la bibi harusi, ili naye apate mume. Bertille alikuwa akifanya hivyo tangu uanagenzi wake, na sasa kichwa kilikuwa na mvi.

"Na huyo mume yuko wapi, Bi Bertille?"

"Yuko njiani, Madamu. Foleni za Paris unazijua."

Odile alicheka, jambo ambalo karakana haikulizoea.

Siku ya maonyesho, Bertille ndiye aliyefunga bizimu ya mwisho begani. Kabla ya kuifunga aling'oa unywele mmoja na kuuzungusha kwenye kulabu, chini ya kioo. Odile aliona. Hakuyaamini mambo hayo. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja.

"Inafunga?"

"Inafunga."

Bibi harusi akatoka, akaenda hadi mwisho wa ukumbi, akarudi. Hakuna kilichoteleza.

Baadaye mwandishi mmoja wa gazeti, yuleyule wa kila msimu, alikuja nyuma ya pazia na kuinamia gauni akitafuta mshono.

"Ukiondoa vito, kinabaki nini?"

"Kitambaa sakafuni," alisema Odile.

Mwandishi akafuta mstari wake wa kila msimu, aliokwisha kuuandika. Odile aliuona ukifutwa, akaketi juu ya kreti na kuvua viatu.

"Mwambie asiguse ya begani," Bertille alimnong'oneza. "Mtu wangu yumo humo."