Wimbo wa Chini ya Kisima

Jumamosi ile Josephina alifika ukumbini na viatu vyake vya raizoni, vyenye soli nene, ndani ya kikapu, kama kawaida, akakuta magunia ya ufuta yamepangwa hadi usawa wa madirisha. Pale bendi ilipozoea kusimama palikuwa na mizani. Mlinzi aliyekaa mlangoni alimwambia kwamba ukumbi umekodishwa na Bwana Dadi, mfanyabiashara wa mazao, na kwamba kamati ya ukumbi imesema ni wiki mbili tu. Josephina akashukuru, akarudi nyumbani, akavaa viatu vyake na kukaa kitandani. Ilikuwa saa kumi alasiri, saa ya kuanza bugi, dansi la kila Jumamosi, na miguu yake ilikuwa haijapewa taarifa.

Newala watu wamecheza muziki wa soul tangu enzi za bugaluu, suruali zenye miguu mipana, na mpaka leo mchezaji wa kweli huvaa bugaluu hata kama amezaliwa juzi. Nyimbo zilifika na santuri za walimu waliohamishiwa huku, zikatiwa maneno ya Kiswahili, na bendi ya hapo ikazipiga kila Jumamosi. Bugi lilikuwa la mchana kwa sababu nusu ya wachezaji walitoka Masasi na walitaka kuteremka mlima kabla ya giza. Mwimbaji alikuwa Nikolao, mume wa Josephina, mtu wa Lulindi aliyeanzia kwenye kwaya ya kanisa. Alifariki miaka miwili iliyopita, akazikwa kwao. Hakuna aliyewahi kuirekodi sauti yake, maana kila mtu alijua Jumamosi ijayo ataisikia tena.

Ufuta ulipotoka zikaingia mbaazi. Kamati ilipoulizwa ilisema wiki mbili, na haikuwa inadanganya, kwa sababu kila mara zilikuwa wiki mbili nyingine. Mpiga gita la solo akaenda Mtwara kupiga kwenye harusi za watu. Mpiga ngoma akaingia kwenye bodaboda, akawa anagonga tangi la mafuta kwa vidole akisubiri abiria.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na kisima cha saruji. Newala maji ya bomba huja yakijisikia kuja, kwa hiyo mwenye paa la bati huchimba kisima, akafunga mfereji wa kukusanya maji ya mvua kutoka juu. Kisima cha ukumbi kilikuwa kimejaa mvua za mwaka ule. Bwana Dadi aliona unyevu unapanda ukutani upande wa magunia yake, akaagiza mfereji ugeuzwe umwage maji barabarani. Masika yalikuwa yamekwisha, na jua lilikuwa kali, kwa hiyo hakuna aliyesema neno. Ni vigumu kumgombeza mtu kwa ajili ya mvua ambayo haijanyesha.

Aliyegundua mambo ni Mwanaisha, jirani wa nyuma ya ukumbi. Alichota ndoo ya kwanza, akabandika maji ya ugali, na yalipoanza kuchemka yakapiga gita. Mwanaisha akatia unga, akasonga. Wanawe walikula huku mabega yanacheza, wakaosha vyombo bila kutumwa, na jua lilipozama wimbo ukawatoka. Beberu wake alikuwa amekunywa beseni zima peke yake, na yeye haukumtoka. Hadi leo hutembea hatua mbili mbele, moja nyuma, halafu anageuka. Alipelekwa mnadani mara moja na akarudishwa.

"Mama Dorothy," Mwanaisha alimwambia Josephina jioni ile, akipepeta mchele, "yale maji ya ukumbini yana nyimbo."

"Upi?"

"Ule wa kufungulia. Wa harakaharaka."

Josephina akafikiri kidogo. "Si nyimbo zilikuwa zinapiga bati miaka yote? Zimeganda kule juu kama vumbi, mvua ikazisomba."

"Ndivyo nilivyoona na mimi," alisema Mwanaisha, na akaendelea kupepeta.

Tangu hapo bugi lilihamia uani kwa Mwanaisha. Kila Jumamosi saa kumi walichota ndoo moja, wakaigawana kwa vikombe, na kwa kuwa ndoo ilikuwa moja, wimbo nao ulikuwa mmoja. Aliyechungulia juu ya ua aliona watu wazima wamevaa bugaluu wanacheza hatua sawasawa katika kimya kitupu, vumbi jekundu linapanda hadi magotini. Mlinzi wa magunia alisimama akawatazama Jumamosi nzima ya kwanza. Ya pili alikuja na kikombe chake.

Awadhi, fundi cherehani wa Masasi, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Nikolao, hakukosa hata mara moja. Yeye ni Myao, na Myao hawezi kunywa maji ya Mmakonde bila kumtania.

"Nyie Wamakonde maji hamna," alisema akipangusa ndevu, "mkiyapata kidogo mnayafanya santuri."

"Na wewe umepanda mlima kuja kuilamba," Josephina akamjibu. "Kunywa, ukalale kwenu."

Waligundua kwamba nyimbo nyepesi ziko juu, na kadiri kamba ya ndoo ilivyorefuka, nyimbo zilizidi kupoa. Mwezi wa saba walikuwa wakicheza zile za kati, za kutembea. Mwezi wa nane zikaja za kushikana mikono. Wote walijua ulio chini kabisa. Ni ule ambao Nikolao alifungia bugi kila Jumamosi, wimbo wa polepole alioutunga mwenyewe, ambao kabla ya kuuanza alizoea kukohoa kidogo na kumtafuta mke wake kwa macho.

"Wa chini ni wangu, shemeji," Josephina alimwambia Awadhi. "Nitaunywa peke yangu. Nataka nikae nao kama beberu."

"Ni wako," alisema Awadhi, na mara hii hakutania. "Nani atakubishia?"

Ilikuwa ndiyo nia yake yote. Aliamka nayo akalala nayo. Picha ya Nikolao alikuwa nayo, na shati lake, na kofia. Sauti ndiyo hakuwa nayo, na sauti ndiyo aliyokuwa ameolewa nayo.

Kisha kiangazi kikakaza. Bomba la mtaa likakohoa kutu, likanyamaza. Boza la maji lilipita kila asubuhi kuelekea kwenye nyumba ya kulala wageni ya Bwana Dadi, likidondosha matone njiani, na kuku walilifuata. Watu wakaanza kuja kwenye kisima cha ukumbi na ndoo zao. Baadhi ya wachezaji walitaka kifuniko kifungwe kwa kufuli. Walisema hayo si maji ya kuoshea masufuria. Josephina alimtazama mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye midomo iliyopasuka, akasogea pembeni ya kisima.

"Chukueni," alisema. "Ya mwisho tu niachieni."

Wakachukua. Wiki zile mtaa ulikuwa wa ndotoni. Uji ulichemka kwa kinanda. Kanga zilizofuliwa zilipepea kambani kwa mapigo, hata pasipo upepo. Wanaume walitia udhu kwa nyimbo za mahaba, wakajizuia kwa taabu mpaka salamu ya mwisho ya swala. Mgonjwa mmoja aliyekuwa hanyanyuki aliogeshwa, akainua mkono wa kulia na kuuzungusha taratibu, akaushusha, akalala. Jioni nyimbo zote zilinyamaza kwa pamoja, na asubuhi boza likapita.

Jumamosi moja ya mwisho wa kiangazi, Mwanaisha akiwa amekwenda msibani Kitangari, Josephina aliteremka kisimani kwa ngazi na jagi la plastiki. Chini kulikuwa na tope, na katikati ya tope kulikuwa na shimo dogo la maji. Alikinga kwa kiganja, taratibu, mpaka shimo likaisha, na maji yote yakatosha jagi moja. Alipopanda nalo alisikia ndani mtu anakohoa kidogo. Josephina akalia palepale juu ya ngazi, akimshukuru Mungu, akaangalia chozi lisiingie ndani.

Aliliweka jagi juu ya kigoda, barazani kwake. Akaingia ndani kuvaa gauni la bugi na viatu. Alipotoka, Bwana Dadi alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza, shati limelowa, midomo myeupe. Gari lake lilikuwa limechemka akipanda mlima kutoka bondeni, na alikuwa ametembea kwa miguu tangu jua la utosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba maji."

Josephina akalitazama jagi, na Bwana Dadi akalitazama. Mtungi ulikuwa mtupu, madumu yalikuwa matupu, na nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa. Angeweza kusema ni dawa. Angeweza kusema yana tope, na isingekuwa uongo. Lakini kwao mtu akiomba maji hupewa kwanza, habari huulizwa baadaye, na anayenyimwa maji mlangoni huondoka na baraka za nyumba. Nikolao mwenyewe aliwahi kumpa maji askari aliyekuja kumkamata. Moyo wa Josephina ulikuwa mchungu kwelikweli, mchungu kuliko siku ya maziko.

Desturi nyingine ni kwamba mwenye nyumba huonja mbele ya mgeni, kuonyesha kwamba hakutia kinyongo. Josephina akapiga funda moja. Ndani ya funda kulikuwa na kikohozi na mstari wa kwanza: *Ngoja kidogo, jua bado liko mlangoni.* Kisha akampa jagi kwa mikono miwili.

Bwana Dadi alikunywa bila kupumua hadi tope likagusa mdomo. Akafuta kidevu.

"Yana ladha," alisema.

"Ya kisima cha ukumbi," alisema Josephina. "Baba, mvua ziko karibu. Ule mfereji ungerudishwa. Na ukumbi nao."

"Nimekusikia, mama. Ni wiki mbili tu."

Akaondoka zake, na kabla hajafika kona mwendo wake ulikuwa umepoa, bega moja limeinama kidogo, kama mtu anayeongoza mwenzake sakafuni.

Jumamosi iliyofuata Awadhi alipanda mlima akakuta kisima kikavu. Aliposimuliwa alichungulia kisimani, akatupa kijiwe kwenye tope.

"Ungemwambia ni maji ya maiti," alisema.

"Ndivyo yalivyokuwa," alisema Josephina. "Mimi nilikuwa nayataka, na yeye angeyataka vilevile. Mwenye kiu hachagui."

Bwana Dadi alianza kusumbuliwa na koo. Alisema kuna kitu kinataka kutoka na hakijui pa kuanzia. Akapimwa Masasi, akaambiwa koo ni zima. Akanywa tangawizi, akanywa asali. Alitembea mjini mdomo nusu wazi, na watu wakafikiri anataka kuwapa habari njema kuhusu bei.

Korosho zikaingia ukumbini. Mvua ya kwanza ikanyesha. Ilipiga bati la ukumbi kwa nguvu, ikaingia kwenye mfereji uliogeuzwa, ikamwagika barabarani na kuchimba korongo dogo lililoelekea bondeni, kule ambako maji yote ya Newala huenda. Watu walitega ndoo chini ya mapaa yao ya nyasi na makuti. Kisima kilibaki na tope lake, na chura mmoja.

Jumamosi saa kumi, mvua ikiwa imepungua, Bwana Dadi alikuja kukagua kufuli. Josephina alikuwa upande wa pili wa barabara, kikapu mkononi, akielekea sokoni. Alimwona amesimama mlangoni na ufunguo, koo linapanda na kushuka. Hakupanga kufanya lolote. Kikohozi kilimtoka chenyewe, kidogo, na nyuma yake mstari wake mmoja.

"*Ngoja kidogo, jua bado liko mlangoni.*"

"*Na vumbi la miguu yako halijatua,*" aliitika Bwana Dadi, akiwa ameipa barabara mgongo. Ilikuwa sauti ya Nikolao, na mkwaruzo wake, na Kimakonde chake kilichojificha ndani ya Kiswahili. Akaendelea hadi ubeti wa pili, akijaribu kufuli, akikagua bawaba.

Josephina alitoa viatu kikapuni, akavivaa akiwa ameshika nguzo ya umeme. Akaingia barabarani. Mkono wa kushoto aliuweka juu, pale bega la Nikolao lilipokuwa likifika, akafumba macho, na akacheza katika matope wimbo wote mpaka ulipoisha. Mwendesha bodaboda mmoja alimpisha kwa adabu. Alikuwa na furaha, na hakumwonea mtu yeyote aibu.

Bwana Dadi akageuka, amepona koo, uso umelegea.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo, baba. Umefunga vizuri?"

"Nimefunga."

"Na mfereji?"

"Wiki mbili, mama."

Akaingia kwenye gari lake. Josephina alibaki katikati ya barabara mpaka gari lilipokata kona. Maji ya paa yalipita kati ya viatu vyake yakiteremka kwenda bondeni, na hayakuwa na wimbo wowote.