Jina la Mtu Aliyekwisha Kufa

Kila asubuhi Kanze alikiosha kidude kile kwa sabuni, akakisuuza kwa maji ya moto, akakifuta kwa pamba. Kilikuwa cha chuma, kikubwa kuliko punje ya hindi kidogo tu, kimefungwa kwenye mpira mrefu mwembamba. Mgonjwa alikimeza, kikashuka taratibu mpaka kwenye utumbo mdogo, kisha Daktari Pereira akavuta upepo kwa bomba la sindano, na kisu kilichojificha ndani kikakata kipande cha ukuta wa utumbo, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Wengi walitapika kabla mpira haujafika nusu. Kanze aliwashikia beseni. Hakuwaonea huruma wala kinyaa. Alikuwa hasikii kitu chochote moyoni, na wenzake wa wodini walidhani huo ndio ustadi wa kazi.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu bendera ya uhuru ipandishwe. Daktari Pereira alikuwa amekuja hospitali ya Msambweni kutafuta kwa nini watoto wa Kwale huendesha, wakapona, wakaendesha tena, na chakula kikawapita tu hata wakabaki ngozi na macho. Ukuta wa utumbo, alisema, una kazi mbili: kukipitisha chakula na kuvizuia vijidudu. Ukichakaa hufanya kinyume chake.

Kwao Kanze, huko bara ya Taru, watu walikuwa na jibu lao la tangu zamani. Mtoto akikonda hivyo ana chirwa: mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa. Yaweza kuwa baba, yaweza kuwa mama, na ajabu ni kwamba karibu kila mara huwa mama. Dawa ipo, lakini haifanyi kazi mpaka mkosaji amtaje aliyekosa naye.

Jumatano hiyo Kache, mke wa Mwero, alimfuata Kanze kwenye karo ya kufulia. Mwanawe Nzai, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa wodini wiki ya pili.

"Dada Kanze," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ni mtu wa kwetu. Ijumaa mavyaa yangu anatutoa hapa twende kwa mganga. Nitatakiwa kutaja."

"Kutaja nani?"

"Ndilo ninalokuuliza. Mimi simjui mwanamume mwingine ila Mwero, Mungu anaona. Lakini nisipotaja mtoto hatapewa dawa, na asipopewa dawa atakufa. Nitafutie jina. La mtu aliyekwisha kufa, asije akadhurika."

Kanze alilikamua shuka mpaka tone la mwisho, akalitandaza juani. Alisema atafikiri, akaingia ndani.

Hakuwa na la kufikiri. Mwaka ule wa bendera, yeye naye aliketi mbele ya mganga na mtoto wake mapajani, mwepesi kama kitita cha kuni kavu, na mumewe Dzombo pamoja na ukoo mzima wakimtazama mdomo. Alimtaja Jefwa. Jefwa alikuwa kijana wa jirani aliyekwenda Mombasa kufanya kazi bandarini, na kila mtu alisema harudi tena. Kanze hakuwahi hata kumshika mkono. Mtoto alinyweshwa dawa, akafa siku ya tatu. Dzombo akampa Kanze talaka. Na Jefwa, ambaye harudi tena, akarudi mwezi uliofuata na kanga za mchumba wake, akakuta uchumba umevunjwa na jina lake limeoza. Alikana nyumba kwa nyumba mpaka sauti ikamkauka. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo Kanze alikuwa amekutana naye mara moja tu, stendi ya Taru. Jefwa alisema, "Hujambo, Kanze," kwa adabu, akapita. Naye akajibu hajambo, akapanda basi, na njia nzima hakusikia chochote.

Alhamisi daktari alihitaji utumbo wa mtu mzima, asiyeumwa, aulinganishe na wa Nzai. Mwero alijitolea kabla hajamaliza kuombwa.

"Mimi sijalala kitandani kwa ugonjwa tangu nizaliwe," alisema. "Mtazame utumbo wa mwanamume."

Alikimeza kidude alfajiri, na adhuhuri kikavutwa. Mwanamume yule wa kunyanyua magunia mawili alilia machozi, Kanze akimshikia beseni. Daktari aliviweka vile vipande viwili chini ya hadubini, akawaita ndani: Mwero, mkewe, na mama yake, ambaye kila mtu wodini alimwita Hawe, yaani bibi.

Ukuta mzima, alieleza, husimama vidole vidole, mithili ya taulo jipya. Wa Nzai ulikuwa umelala bapa. Mwero aliinamia hadubini, akautazama wa mwanawe, kisha akautazama wake. Mlikuwa na matuta yaliyopinda, na baadhi ya mahali pamekwanguka kabisa. Vidole havikuwapo.

"Huu ndio wangu? Hamkukosea?"

"Ndio wako. Nimepima watu wazima saba wa huku, wazima kama wewe, na sita wako hivi. Ni maji tunayokunywa, ni vijidudu vya kila siku, tangu utotoni. Mkubwa hustahimili. Mdogo hana akiba, humwangusha."

Mwero aliinuka polepole. "Mimi nina miaka thelathini," alisema. "Ikiwa huu ndio uharibifu wa chirwa, basi mimi nami ninayo. Mama, hii yangu nimuulize nani?"

Nyani haoni kundule. Hawe alijifunika kanga yake vizuri, akakohoa, akatazama dirishani.

"Hicho ni chombo cha watu wa hospitali," alisema mwishowe. "Kinaona nyama, hakioni dhambi. Kesho tunaondoka, na huyu atataja."

Mwero aliinamisha kichwa. Kwa mama yake ushujaa wake ulikuwa na mpaka.

"Nitataja," alisema Kache haraka, mtoto begani. "Nitataja sasa hivi, Hawe, ili mwanangu anyweshwe dawa leo. Ni—"

"Usitaje," alisema Kanze.

Wote waligeuka. Hata daktari alikuwa hajapata kumsikia akisema neno asiloulizwa.

"Shikamoo, Hawe," alianza upya, kama anayeingia sasa hivi. "Mnamjua Jefwa wa pale stendi ya Taru?"

"Nani asiyemjua," alisema Mwero. "Yule wa mke wa Dzombo. Kwetu haruhusiwi hata kuomba maji mwenye nyumba akiwa hayupo."

"Mke wa Dzombo ni mimi. Sikulala naye. Nilitafuta jina tu, mtoto apewe dawa. Alipewa, akafa."

Aliyasema kwa sauti ileile aliyowaitia wagonjwa zamu zao. Kache aliketi chini sakafuni na mtoto wake. Hawe alimsogelea Kanze, akamtazama usoni muda mrefu.

"Alikuja mlangoni kwangu," alisema yule mzee. "Aliapa kwa kaburi la baba yake. Nikamfungulia mbwa."

"Alikuwa akisema kweli."

"Miaka mitano."

"Miaka mitano, Hawe."

Nzai alinung'unika. Hawe alikichukua kikombe cha maziwa ya dawa kilichokuwa mezani, akampa Kache mkononi.

"Mnyweshe," alisema. "Mtakaa hapa mpaka daktari aseme basi." Kisha akamgeukia Kanze. "Mtoto wako aliitwa nani?"

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza hilo. Waliuliza mwanamume alikuwa nani.

"Garama," alisema Kanze.

"Kesho kuna basi la asubuhi. Mimi na wewe tunakwenda Taru, ukamwambie Jefwa mwenyewe, mbele ya watu waliomsikia akikana. Nami nina langu la kumwambia."

"Naam, Hawe."

Kache alirudisha kikombe, kimebaki nusu. Kanze alikipokea akaenda nacho kwenye maji. Aliogopa. Aliogopa uso wa Jefwa, akaogopa kwamba atamjibu tena kwa adabu. Alikiweka kikombe chini kando ya karo, na jina la mwanawe lilikuwa lingali mdomoni.