Shingo ya Pikipiki ya Bluu

Watu wa Kyela waliotaka kununua pikipiki iliyotumika walimpitia kwanza fundi Jubilate, pale Bondeni, kwenye kibanda chake cha mabati kilichopakana na ghala la mpunga. Hakuwa muuzaji wala dalali. Kazi yake ilikuwa kwenda na mnunuzi, kuikagua hiyo pikipiki, na kusema ukweli wake. Akisema nunua, mtu alinunua. Akisema achana nayo, mtu alirudi nyumbani na muuzaji akabaki amenuna.

Mwanawe Lugano alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye kona moja ya barabara ya Ipinda. Lori la mpunga lilikuwa linakuja, pikipiki ikayumba, ikamtupa chini ya magurudumu. Jubilate alikosekana kazini siku nne tu za msiba. Siku ya tano alifungua kibanda, na watu wakasifu moyo wake. Mwenyewe hakujua huo moyo uko wapi. Alikula alipowekewa chakula, alijibu alipoulizwa, alilala alipoona wenzake wamelala. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Jambo moja tu lilikuwa linamzunguka kichwani, nalo hakumwambia mtu. Pikipiki ile alikuwa ameichagua yeye. Walikwenda wote wawili Tukuyu kuiona, akaikagua kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukagua pikipiki ya mtu mwingine, kisha akamwambia mwanawe, chukua hii. Walioshuhudia ajali walisema iliyumba yenyewe kabla lori halijafika. Basi alipokabidhiwa mabaki yake, alimwita mdogo wake Eliya, akamwambia aipeleke popote na asije akamwambia ni wapi. Eliya akaipeleka.

Ndipo Jumamosi moja ya mwezi wa saba alipokuja mwalimu Atupele. Alikuwa amehamishiwa shule ya mbali na kwake, na alichoka kuamka alfajiri kusubiri usafiri usiokuja. Kuendesha alikuwa amefundishwa na kaka yake. Alisema ameona pikipiki ya bluu huko Itungi, nzuri, na mwenyewe anaiuza kwa sababu amepata bajaji. Jubilate alichukua begi lake la spana, wakapanda bajaji, wakaenda.

Muuzaji aliitwa Hezroni, kijana mpole aliyekuwa akinunua usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi na kuupeleka sokoni Kyela. Aliwakaribisha uani kwake, akawapa viti, akaomba radhi kwamba kibao cha namba kilidondoka njiani na bado anafuatilia kingine. Jubilate aliitikia, akaenda moja kwa moja kuweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa baridi. Hilo alilipenda, maana wauzaji wengi huiwasha mapema ili ugumu wa asubuhi usionekane. Akamwambia mwalimu ajaribu mwenyewe kuiwasha. Iliwaka kwa teke la pili. Moshi ulitoka kidogo, mweupe, ukaisha. Akachuchumaa kusikiliza. Hakukuwa na chuma kinachogonga ndani. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa. Akazungusha gurudumu la nyuma, akavuta cheni, akabana breki zote mbili.

Kisha akafungua kiti ili aone betri.

Betri ilikuwa imeshikwa na kishikio cha nondo iliyokunjwa, kilichochomelewa sehemu tatu. Sehemu ya nne haikuchomelewa. Umeme ulikuwa umekatika siku ile alipokichomelea yeye mwenyewe, na Lugano alikuwa na haraka, akasema, baba, inatosha hivyo hivyo, itashika.

Jubilate aliitazama nondo ile. Alisubiri kitu kimpate, kifua kibane au magoti yalegee. Hakuna kilichokuja. Alisikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba na Hezroni akimweleza mwalimu kuhusu ulaji wa mafuta. Aliomba kadi ya pikipiki. Jina lililokuwa kwenye kadi lilikuwa la yule mzee wa Tukuyu aliyewauzia. Hakuna aliyewahi kulibadilisha, si yeye, si Eliya, si waliofuata. Akairudisha kadi, akakifunga kiti, akaendelea na kazi.

Aliomba kamba. Akaivuta toka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, upande huu na upande ule, akaona la mbele haliko kwenye mstari. Akapitisha kidole chini ya tanki, kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Chini ya rangi ya bluu chuma kilikuwa na mikunjo, kama shuka iliyopigwa pasi vibaya. Kilikuwa kimepinda, mtu akakinyoosha kwa moto. Mwishowe akapanda, akaendesha mpaka karibu na bandari na kurudi. Alipolegeza mikono, pikipiki ilivuta kushoto, polepole.

Njiani akirudi alijiuliza lile swali lake. Je, ilikuwa inavuta hivi kule Tukuyu, naye asione? Akapunguza mwendo, akasikiliza, akalegeza mikono tena. Hapakuwa na jibu. Lori lilikuwa limekunja kila kitu, aliyenyoosha akakunja upya, aliyepaka rangi akafunika. Hata fundi aliye bora kuliko yeye asingeweza kusema ilikuwaje kabla. Alilielewa hilo vizuri kabisa, kama anavyoelewa kwamba plagi imekufa, na hakusikia nafuu wala uchungu.

Aliizima mbele ya viti.

"Mwalimu, usinunue hii," alisema.

Hezroni hakukasirika. Alisema tu kwamba ameitumia mwaka mzima kubeba usipa na haijawahi kumlaza njiani. Jubilate alikubali kwamba injini ni nzima kuliko nyingi alizoziona mwaka huo. Akamwonyesha shingo, akamshika kidole akakipitisha kwenye mikunjo, akamweleza kwamba siku moja, kwenye kona, ikiwa na mzigo, itakwenda inakotaka yenyewe.

"Niliipenda kwa rangi yake," alisema Hezroni. "Sikujua kama iliwahi kuanguka. Wewe umejuaje kwa haraka hivyo?"

"Ilikuwa ya mwanangu. Ndiyo aliyofia."

Aliyasema kwa sauti ileile aliyosemea habari za oili. Mwalimu Atupele alisimama kutoka kwenye kiti. Hezroni alivua kofia, akatafuta maneno, akaambulia kusema pole baba. Jubilate akajibu ndaga, asante ya kwao, akakusanya spana zake na kuzihesabu kama kawaida, asiache hata moja.

Walirudi kwa bajaji. Walipoingia mjini mwalimu aliuliza kama ampeleke nyumbani. Jubilate alisema ampeleke kibandani, kuna kabureta ya mtu inamsubiri.

Jioni, jua lingali juu ya migomba, alikaa mezani na mkewe Tusekile. Hakuwa amepanga kumwambia. Mkewe aliuliza tu, kama kila siku, leo ulikuwa wapi, naye akaeleza yote toka mwanzo, nondo, kamba, shingo, huku akila. Tusekile aliacha kula. Kisha akauliza:

"Wameipaka rangi gani?"

"Bluu."

"Ilikuwa nyekundu."

"Ndiyo."

"Mimi sikuiona tena," alisema Tusekile. "Uliiondoa nikiwa bado nimelala msibani. Nilipoamka nikauliza, wakasema Baba Lugano hataki itajwe. Hukuniuliza mimi ninataka nini."

Jubilate aliangalia sahani yake. Ilikuwa kweli. Katika miaka miwili hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine angetaka kuiona. Alitaka kusema samahani, lakini neno hilo lilimjia likiwa jepesi mno, akaona aibu kulitoa.

Kesho yake, watu wakiwa wanatoka kanisani, guta lilisimama nje ya nyumba yao. Hezroni alikuwa ameipakia pikipiki nyuma, ameifunga kwa kamba za katani. Alieleza kwamba amemfikiria huyo mtu ambaye angekuja kuinunua baada ya mwalimu, asiyekuja na fundi, na ameona hawezi. Alimwomba Jubilate aitoe injini, ambayo ataitafutia fremu nyingine, na hiyo shingo aikate kabisa, isiungwe tena na mtu.

Zamani Jubilate angeipeleka kibandani upesi, kabla haijaonekana. Safari hii aliingia ndani akamwita mkewe.

Tusekile alitoka akiwa bado na kitenge cha kanisani. Aliizunguka pikipiki mara moja. Akashika usukani, akaweka mkono kwenye kiti, akakipapasa, na ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtu anayeanza msiba leo. Hezroni alisogea pembeni, akaangalia barabarani. Jubilate alisimama karibu na mkewe. Macho yake yalikuwa makavu. Hakujua aweke mikono wapi, akauweka mmoja mgongoni pa mkewe na kuuacha hapo.

Kazi waliianza baadaye, Hezroni alipokwenda kumwona ndugu yake na kuahidi kurudi saa kumi. Tusekile alikataa kuingia ndani. Alileta kigoda na kopo la maziwa tupu, akawa anapokea nati moja moja na kuzitia humo. Injini ilitoka bila shida. Miguu ya mbele ikatoka. Shingo aliikata kwa msumeno wa mkono, kwa kuwa hakutaka kelele za mashine, na iliwachukua karibu saa nzima, mkewe ameshikilia upande wa pili.

Walipokuwa wakikata, Tusekile alianza kuongea. Alieleza jinsi Lugano alivyokuwa akimpakia kwenda mashambani Ngonga na kumcheka kwa sababu alifumba macho kila kwenye daraja. Alieleza kwamba asubuhi ya ajali Lugano aliondoka bila chai, na kwamba yeye alikuwa amechelewa kuamka. Hilo Jubilate hakuwa amelijua. Mkewe naye alikuwa amelibeba lake miaka miwili, chumba kilekile, kitanda kilekile.

"Mimi niliichagua," alisema Jubilate, akiwa ameinamia msumeno. "Tukuyu. Nilimwambia chukua hii."

Tusekile hakusema si kosa lako. Alisema, "Najua. Alikuja akaniambia, alivyofurahi," kisha akaendelea kuhusu madaraja.

Vumbi la chuma lilidondoka kwenye miguu ya Jubilate. Alivuta msumeno, mkewe akasukuma, na Tusekile alipomaliza habari moja akaanza nyingine, naye akawa anamsikiliza.